Daftari tupu si ushahidi: barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya Mtwara na Lindi

Kwenu Wakuu wa Vyuo vya Mtwara na Lindi,
Makatibu Tawala wa mikoa yetu miwili,
Maofisa Maendeleo ya Jamii wa mikoa na halmashauri,
na Washauri wa Wanafunzi.

YAH: OMBI LA KUPIMA UKATILI WA KINGONO DHIDI YA WANAFUNZI WA VYUO

Salamu kwenu nyote.

Nafundisha takwimu katika chuo cha kati hapa Mtwara. Kabla ya hapo nilikuwa mdadisi kwenye tafiti za kaya, nikizunguka vijiji vya Newala, Tandahimba na Ruangwa na dodoso mkononi. Nimewaandikia kwa sababu ya sentensi moja ninayoisikia kila kinapofanyika kikao kuhusu ukatili: "Dawati letu halijapokea tukio lolote." Husemwa kwa fahari, wajumbe wakapiga makofi, ajenda ikafungwa. Kwa heshima zote, daftari tupu la dawati la jinsia, pale wanafunzi wanapopeleka malalamiko ya ukatili, linaeleza jinsi wanafunzi wanavyoliona dawati hilo. Usalama wao haujapimwa bado.

Sisi watu wa kusini tunaijua malaria. Hakuna mganga mkuu anayeridhika kuhesabu waliofika zahanati peke yao. Watafiti huenda nyumba kwa nyumba kuwatoboa watoto vidole, kwa sababu wapo wanaougua na hawafiki. Ukatili wa kingono una sababu nyingi zaidi za kumzuia mtu asifike. Anaona aibu, anamwogopa mtuhumiwa, anaogopa baba atasema rudi nyumbani, na mara nyingi aliyemfanyia ni mtu anayesalimiana naye kila asubuhi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutolewa 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Takribani wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kufikisha miaka 18. Miongoni mwa wasichana hao, nusu hivi tu ndio waliowahi kumwambia mtu yeyote, na waliopata huduma walikuwa wachache mno. Vijana wa rika hilo ndio mnaowapokea kila mwaka na masanduku yao. Baadhi wanafika wakiwa tayari wameumizwa, na sisi tunasubiri waje dawatini wenyewe.

Mtaniambia takwimu za taifa zipo. Zipo, ila haziwafikii hawa. Tafiti kubwa, kama ule wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022, huchagua kaya. Mwanafunzi wa bweni hayumo kwenye kaya ya mtu. Aliyepanga geto kule Chuno au Magomeni, mjini Mtwara, anaweza kuangukia kwenye sampuli kwa bahati, lakini haandikwi kama mwanafunzi wa chuo fulani, wala haulizwi kuhusu mwalimu, mtihani au fildi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo. Tukitaka kuwajua lazima tuwaulize wao, kwa dodoso lililotengenezwa kwa ajili yao.

Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu kuuliza vibaya ni hatari kuliko kutouliza. Nilikuwepo katika chuo kimoja, sitakitaja, siku lilipogawiwa "dodoso la ukatili". Liligawiwa darasani, dakika chache kabla ya jaribio, wavulana na wasichana wamekaa benchi moja bega kwa bega. Juu ya karatasi palikuwa na nafasi ya namba ya usajili. Swali kuu lilikuwa moja: "Je, umewahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia? Ndiyo / Hapana." Msichana wa safu ya tatu akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kama alikuwa mpenzi wangu, inahesabika?" Darasa zima likacheka. Msimamizi, kijana mwema ambaye hakuandaliwa kwa kazi ile, akamjibu, "Jaza unavyoona." Nilimwona yule msichana akiinama na kuweka alama upande wa Hapana. Kiongozi wa darasa akakusanya karatasi akizisoma huku anatembea. Mwezi uliofuata matokeo yakasomwa kikaoni: hali ni shwari.

Swali la yule binti lilikuwa la maana kuliko dodoso zima. Alikuwa na jambo la kueleza, na dodoso halikumpa mahali pa kulieleza. Watafiti walilitambua tatizo hili zamani. Marekani, mwanasaikolojia Mary Koss na wenzake walichapisha mwaka 1987 utafiti wa wanafunzi 6,159 kutoka vyuo 32. Hawakuwauliza kama wamewahi kubakwa. Waliuliza vitendo kimojakimoja: kuna aliyekulazimisha kwa nguvu, kuna aliyekutishia, kuna aliyekulewesha ili akuingilie? Wanawake asilimia 15.4 walieleza jambo lililotimiza maana ya ubakaji kisheria tangu walipokuwa na miaka 14, na wengine asilimia 12.1 walieleza jaribio la ubakaji. Katika wale waliobakwa, kama robo tu ndio walioliita tukio lao ubakaji. Wengine wote wangejibu Hapana kwenye karatasi kama ile niliyoiona.

Mwaka 2000 wakatoka watafiti Fisher, Cullen na Turner, nao wa Marekani, na jaribio ambalo huwa nawasomea wanafunzi wangu. Walichukua makundi mawili ya wanafunzi wa kike, mazingira yaleyale, muda uleule. Kundi moja wakaliuliza kwa maswali ya vitendo, wazi na ya kina. Jingine kwa maswali yanayofanana na yale ya utafiti wa uhalifu wa serikali yao. Kundi la kwanza lilitoa kiwango cha ubakaji cha asilimia 1.7, la pili asilimia 0.16. Tofauti ya zaidi ya mara kumi, na kilichobadilika ni namna ya kuuliza. Mkuu wa chuo anayeshika asilimia 0.16 mkononi atalala usingizi mnono. Mwenzake mwenye 1.7 ataitisha kikao usiku huohuo. Na huenda wanaongoza vyuo vilivyo sawasawa.

Kwa hiyo naomba maswali yawe ya aina hii, kwa Kiswahili cha kawaida hata pale masomo yanapofundishwa kwa Kiingereza:

"Tangu ulipoanza masomo katika chuo hiki, kuna mtu yeyote, hata kama ni mpenzi wako, aliyekuingilia bila wewe kutaka, kwa kukushika kwa nguvu au kukutishia?"

"Kuna aliyekuingilia wakati umelala, umelewa au huna fahamu?"

"Kuna mwalimu, mtumishi wa chuo au msimamizi wa fildi aliyekutaka kimapenzi kwa ahadi ya maksi au ya nafasi, au aliyekutishia sapu ukikataa?"

Swali la tatu lina mizizi kwenye sheria yetu wenyewe. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinaifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Dodoso likifuata vitendo ambavyo sheria inavitambua, majibu yake yatasomeka kwa TAKUKURU na kwa mwanasheria, siyo kwa watu wa semina peke yao.

Wapo watakaosema maswali haya ni matusi, hayaendani na adabu zetu za kusini. Nimeuliza maswali mazito yanayokaribiana na haya kwa akina mama wazima na kwa mabinti waliotoka unyagoni juzi, tumekaa chini ya mkorosho mbali na masikio ya wakwe. Hakuna aliyenifukuza. Walichotaka kujua ni kitu kimoja: "Haya majibu anasoma nani?" Niliyemjibu vizuri alifunguka. Niliyemjibu kwa kubabaika alinikaribisha maji akaniaga.

Basi nalo tulijibu mapema. Nani atasoma? Asiwe mwalimu wa chuo hichohicho, wala kiongozi wa darasa, wala mshauri wa wanafunzi hata awe mwema kiasi gani, maana huenda anayelalamikiwa ni rafiki yake wa chai. Wadadisi watoke nje ya chuo, wafundishwe kazi hii kwa siku za kutosha, na kibali cha maadili ya utafiti kipatikane kwanza NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Pasiwe na jina wala namba ya usajili popote. Njia iliyofanya kazi kwingine ni mwanafunzi kukaa peke yake na kishikwambi, akisikiliza swali kwa vifaa vya masikioni na kubonyeza jibu mwenyewe, mdadisi akiwa hatua kadhaa pembeni bila kuona kioo. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu nchi nzima, na baadhi vipo hapahapa mkoani. Shirika la Afya Duniani, katika utafiti wake wa nchi nyingi ambao Tanzania ilishiriki kupitia Dar es Salaam na Mbeya, lilitumia njia nyepesi zaidi kwa swali la ukatili wa kingono wa utotoni: kadi yenye picha ya sura, mhojiwa anaweka alama na kuifungia kwenye bahasha bila mdadisi kuona. Katika maeneo mengi, bahasha ilitoa wengi zaidi kuliko mazungumzo ya ana kwa ana.

Naona kishawishi cha kutuma kiungo cha dodoso kwenye makundi ya WhatsApp ya madarasa, kwa sababu ni bure na ni haraka. Naomba msifanye hivyo. Mwenye kitochi ameachwa, asiye na bando ameachwa, na yule ambaye mpenzi wake humkagua simu kila jioni mmemtia hatarini. Halafu hamtajua aliyejibu ni nani na aliyekaa kimya ni nani. Hata wenye vyuo vya kitajiri wamekwama hapo. Mwaka 2015 vyuo vikuu 27 vya Marekani viliwaalika wanafunzi wao wote kujibu mtandaoni. Walijibu zaidi ya 150,000, nao walikuwa asilimia 19 tu ya walioalikwa. Wanafunzi wa kike wa shahada ya kwanza asilimia 23 walisema waliguswa au kuingiliwa bila ridhaa, kwa nguvu au wakiwa hawajiwezi, tangu waanze chuo. Mabishano yakaanza siku ileile: je, walioguswa na jambo ndio waliojibu kwa wingi? Watafiti wenyewe walikiri kwamba huenda takwimu imepanda kwa sababu hiyo. Wingi wa majibu haukuwaokoa.

Sisi tunaweza kufanya vizuri zaidi kwa gharama ndogo. Wanafunzi 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye rejesta, wakafuatiliwa kwa upole mpaka wengi wao wakakubali au wakakataa kwa hiari, watatoa jibu linaloweza kupotoka kwa takribani asilimia 5 juu au chini. Kwa chuo kidogo, unganisheni vyuo vya mkoa mmoja. Hilo pia linawalinda wanafunzi, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ni kosa linalofanywa na watu wazuri. Chukueni kozi ya umeme au ya uashi yenye wasichana watatu. Ripoti ikiandika "kozi ya umeme, mwaka wa pili, wanawake: mmoja amebakwa", mmemtangaza. Darasa litakaa jioni na kuhesabu ni nani. Hakuna jedwali linalopaswa kutoka likiwa na kundi dogo namna hiyo, hata kama mgeni rasmi anataka mchanganuo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ianze kutumika kwenye jambo hili.

Jambo jingine ambalo madodoso yetu huliruka ni mahali. Mwanafunzi wa Mtwara au Lindi anaishi sehemu ndogo ya maisha yake ndani ya uzio wa chuo. Amepanga mtaani kwa mwenye nyumba anayegonga mlango saa nne usiku kuulizia kodi. Au anakaa kwa mjomba aliyejitolea kumlea. Anarudi na bodaboda kutoka maktaba. Mwalimu tarajali akienda BTP, mazoezi ya kufundisha shuleni, anapelekwa shule ya mbali, Nanyumbu au Liwale, anapewa chumba ambacho hakukichagua, na mtu atakayemjazia fomu ya tathmini ndiye huyohuyo mwenyeji wake. Wa afya wana zamu za usiku wodini. Chuo husema huko si eneo letu. Lakini ni chuo kilichompeleka. Kila anayejibu Ndiyo aulizwe ilikuwa wapi, aliyefanya ni nani kwake, alimwambia nani, na aliyeambiwa alifanya nini. Maswali haya mawili ya mwisho ndiyo yatakayowaonyesha dawati lenu lilivyo: mkijua wangapi waliumizwa na wangapi walifika kwenu, mtajua pengo ni la ukubwa gani.

Wavulana waulizwe pia, maswali yaleyale, na kwa uzito uleule. Mvulana 1 kati ya 7 si jambo la kuacha pembeni, na huyo hana hata pa kuanzia kulieleza. Na waulizwe upande wa pili: kuna uliyemlazimisha? Katika utafiti ule wa 1987 wanaume asilimia 4.4 walikiri vitendo vilivyotimiza maana ya ubakaji, na waliulizwa vitendo tu, bila kutajiwa jina la kosa. Vijana hujibu wanapoamini hawatajulikana.

Sasa nije kwenye msaada, ambao hauna mjadala. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 kuhusu tafiti za ukatili wa majumbani dhidi ya wanawake umeweka usalama wa mhojiwa mbele ya takwimu yoyote. Msimguse mtu kidonda halafu mkamwambia asante kwa ushirikiano. Kabla dodoso la kwanza halijafunguliwa, pawe na mshauri nasaha aliyefundishwa, namba ya simu inayopokelewa, na makubaliano na hospitali, ya Ligula kwa Mtwara na ya Sokoine kwa Lindi, kwamba mwanafunzi akifika atapokewa na kuhudumiwa bila kuzungushwa. Dawa kinga za VVU hazisubiri zaidi ya saa 72. Kila mhojiwa, awe amejibu Ndiyo au Hapana, aondoke na kikaratasi kilekile chenye mahali pa kwenda, ili aliyekishika asitambulike kwa kukishika. Na wale wa miaka 16 na 17, ambao vyuo vyetu vinao, wawekewe utaratibu wao mapema, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya 2009 ina wajibu wake wa kutoa taarifa, na mtoto aelezwe hilo kabla hajajibu.

Makatibu Tawala, neno hili ni lenu hasa. Najua kwa nini mkuu wa chuo anaogopa kupima. Akipima vizuri, namba yake itakuwa kubwa. Itasomwa kikaoni, na mwenzake ambaye hakupima atakaa ametulia na sifuri yake. Mwaka ujao hakuna atakayethubutu. Naomba mtamke kwa maandishi, kabla kazi haijaanza, kwamba hakuna chuo kitakachoshindanishwa wala kukaripiwa kwa matokeo ya mzunguko wa kwanza. Vyuo vyote vipime wakati mmoja, kwa dodoso moja, na ripoti ya kwanza iwe ya mkoa. Kisha mrudie baada ya miaka miwili kwa maswali yaleyale, bila kubadilisha hata koma, ndipo mtaweza kusema hali imepanda au imeshuka. Na msishtuke malalamiko ya dawatini yakiongezeka katikati ya mizunguko hiyo. Wanafunzi wakianza kuliamini dawati, watakwenda. Mkuu wa chuo ambaye daftari lake limejaa huku dodoso linaonyesha matukio yanapungua, huyo ndiye wa kupigiwa makofi.

Kuhusu wakati, wiki za mitihani hazifai, na wiki ya mapokezi ya wanafunzi wapya haifai pia. Katikati ya muhula panafaa, wakiwa wamerudi kutoka fildi na BTP, ili ya huko nayo yaingie.

Nimeandaa rasimu ya dodoso na mpango wa sampuli kwa mikoa yote miwili. Nitaileta bila malipo kwa ofisi yoyote itakayoniita, ikosolewe na wenye ujuzi zaidi yangu, watu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu wakiwemo. Jibu lenu, liwe la kukubali au la kukataa, naomba mlitoe kwanza kwa wanafunzi, kupitia serikali zao za wanafunzi, kabla halijanifikia mimi.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa takwimu,
Mtwara